Maharage Yaliyokataa Kuugua

Anayenunua kilo moja ya njano ana familia. Anayenunua debe la mekundu ana msiba, au ana shule ya bweni. Lakini mtu anayesimama mbele ya meza yangu sokoni Mwanga na kuomba gao moja, ujazo wa kiganja tu, la kila rangi, tena akanyooshea kidole hata lile fungu la uchafu nililolitenga pembeni, huyo nilimhesabu kuwa mshindani aliyetumwa. Kwa hiyo yule binti aliponiamkia, nilimwitikia nikiwa nimeshafunika mfuko wa njano.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Gao moja moja unalipikia nani, mwanangu? Sisimizi?"

"Sipiki mama. Napanda."

"Kilimo cha gao moja."

"Mistari mifupi tu."

"Na mume wako anakula mistari?"

Alicheka mpaka muuza dagaa wa meza ya jirani akageuka. Kisha akaeleza, na alieleza vizuri, bila kunifundisha kama mtoto. Alikuwa bibi shamba, kazi yake ni utafiti wa maharage. Alitaka kujua ni yapi yanaweza kusimama mbele ya magonjwa, na alitaka kupanda mbegu zilezile sehemu mbili: juu milimani kwenye baridi na ukungu, na chini huku ziwani kwenye joto. Harage linaloshinda juu, alisema, linaweza kuanguka chini, na hujui mpaka ulione kwa macho. Alikuwa anatafuta mtu mwenye shamba bonde la Luiche.

"Nani kakwambia nina shamba bondeni?"

"Soko zima, mama. Wamesema pia wewe hupatani kirahisi."

"Hapo hawajasema uongo."

Basi tukapatana kwa namna yangu. Nilikubali kumpa kipande cha shamba langu kule bondeni, nyuma ya Ujiji, pale ambapo tunapanda maharage mvua zikishaondoka na udongo bado umeshika maji. Nikamwambia bei yangu si fedha. Bei yangu ni kwamba sehemu ya juu, ile ya baridi, iwe ni kwa dada yangu.

Dada yangu anaishi juu kabisa ya barabara ya Manyovu. Ukishapita Mwandiga barabara inaanza kupanda, na ukifika kwake unavaa sweta hata kama hukuondoka nalo; utaazima. Ukisimama nyuma ya nyumba yake unaiona milima ya Burundi. Huko maharage ndiyo chakula na ndiyo heshima. Na dada yangu kwa misimu miwili mfululizo alikuwa hana heshima hiyo. Majani yalikuwa yanatoka madoa ya kahawia yenye pembe, kana kwamba mtu ameyapima kwa rula, kisha yanakauka na kupukutika kabla maganda hayajajaa. Msimu wa pili alivuna kiasi ambacho mimi sokoni ningekiita nyongeza.

Ungeweza kusema ni njaa ya kawaida, tungesaidiana ikapita. Lakini binti yake alikuwa ameposwa. Mimi ni mama yake mdogo, kwa hiyo ni binti yangu pia. Mwenyewe alikuwa anaolewa na kijana wa Ujiji, watu wanaolima bonde hilohilo la Luiche, na harusi ilipangwa mwisho wa kiangazi. Kwetu binti haondoki mikono mitupu. Sufuria atanunuliwa na mume, vitenge atapewa na mashangazi, lakini mbegu anapewa na mama yake, na msimu wake wa kwanza ukweni watu wote wanaangalia kitakachoota. Mimi nilitoka na za mama yangu. Dada naye alitoka na za mama.

Hizo mbegu za mama nizieleze, maana bila hizo hakuna habari. Zilikuwa mchanganyiko. Nyekundu, nyeusi, za madoa, za kijivu zenye mistari, nyeupe zenye jicho jekundu, ndefu, fupi, nene, zote ndani ya chungu kimoja zimefunikwa na majivu. Niliwahi kuzihesabu aina zake mara mbili nikapata idadi mbili tofauti, nikaacha. Mama alipanda zote pamoja, akavuna pamoja, akapika pamoja. Mimi nilipokuja mjini nikawa mfanyabiashara, kazi yangu ikawa kutenganisha alichokichanganya mama. Mnunuzi wa mjini hataki rangi mbili kwenye sufuria moja. Anasema moja inaiva mapema, nyingine inabaki jiwe. Kwa hiyo nakaa nachambua: njano huku, nyekundu huku, na yale ya kijivu yenye mistari naweka fungu la uchafu, nauza kwa anayefuga bata. Za kwangu ziliisha miaka mingi iliyopita. Nilizila moja moja bila kuona, kama unavyokula akiba. Chungu alibaki nacho dada, kwa kuwa ndiye mkubwa.

Na chungu kina sheria yake. Hakilali na mbegu mbili. Mavuno mapya yakishakauka, zile mbegu za mwaka uliopita zilizosalia zinapikwa siku hiyohiyo, wanakula wote waliosaidia kuvuna, chungu kinafutwa, majivu mapya, mbegu mpya zinaingia. Ni sheria ya akili. Ukiacha za zamani pamoja na mpya, fukusi wanahama kutoka huku kwenda huku na mwakani unapanda matundu. Hakuna aliyewahi kuilalamikia.

Mvua za mwezi wa tatu, bibi shamba akapanda kwa dada. Alikuja na mbegu zake kwenye bahasha ndogo, kila mstari ukapata kibao chake, na katikati akapanda mistari ya mchanganyiko wa mama ili kuwe na cha kulinganisha. Mwezi wa tano, mvua zilipokata, akapanda zilezile kwangu bondeni, na mistari ya mama katikati vilevile. Alikuwa anapanda na kushuka kati ya dada na mimi kama posta. Nilimzoea. Alikuwa na tabia moja niliyoipenda, akihesabu kitu anarudia.

Simu za dada zilianza kubadilika sauti. Mwanzoni: "Hizi za kwake zimeota sawa na zetu." Baadaye: "Za mama zimeanza madoa." Kisha siku moja: "Mdogo wangu, njoo uone. Ukisikia tu utasema dada amezeeka."

Nilikwenda wakati wa kuvuna. Na kweli, nilishtuka kabla hata sijafika uani. Mistari ya mama ilikuwa kama karatasi iliyonusurika moto: majani yamesinyaa, maganda mepesi, ukiyatikisa yanajibu harage moja au hayajibu. Na ubavuni mwake, hatua moja tu, ulikuwa umesimama mstari mmoja wa mbegu za bibi shamba. Harage jekundu. Majani yake yalikuwa safi yameanza kukauka kwa uzee, si kwa ugonjwa. Maganda yamejaa mpaka ncha. Udongo uleule, mvua ileile, ukungu uleule wa asubuhi. Nilipita mstari ule kwenda na kurudi nikitafuta doa, maana kitu kisicho na kasoro sokoni kwetu tunakiita cha wizi. Sikuona doa.

"Umeamini?" dada akauliza.

"Nimeamini. Nipe nafasi niumie taratibu."

"Uumie nini?"

"Za mama."

"Za mama zimezeeka," alisema, akatazama pembeni. "Hata mama mwenyewe alizeeka."

Jioni tukala uani, wote tuliovuna. Ugali wa muhogo na maharage, chakula nilichokulia. Bibi shamba hakuwepo. Alikuwa ameshuka siku moja kabla kwenda kuangalia bondeni. Yalikuwa matamu yale maharage, yana ule mchuzi mzito ambao rangi moja peke yake haiwezi kuutoa. Nilikula sahani ya kwanza nikaongeza ya pili. Binti yetu, bibi harusi mtarajiwa, alikuwa anapepeta zile nyekundu mpya kwenye ungo, zinang'aa kama shanga. Dada alikuwa ameshapaka chungu majivu mapya. Nusu iliingia chunguni, nusu ikaingia kwenye kikapu kipya chenye mfuniko.

"Hiki ni chake," dada akasema, akakigonga kikapu. "Ukweni watafungua mbele za watu. Rangi moja, haina hata moja iliyokunjamana. Nani atasema nini?"

"Hakuna," nikasema. Mfanyabiashara ndani yangu alishaona bei. Kisha nikauliza, kwa kuuliza tu, mdomo umejaa: "Na zile za mama umeziweka wapi?"

"Unazitafuna."

Nikaacha kutafuna.

"Za chunguni?"

"Za chunguni, na hizo kidogo zilizotoka shambani. Ulitaka nifanyeje? Chungu hakilali na mbegu mbili. Wewe ndiye uliyesema mjini hazinunuliki."

Nilikuwa nimesema. Wenzangu waliendelea kula. Nilitazama sahani, nikaona yale meupe yenye jicho jekundu mawili yamekaa kwenye ukingo. Ilikuwa sheria, ilikuwa imefuatwa, na mama mwenyewe angefanya hivyohivyo. Ila mama alikuwa anaondoa mbegu zake kwa ajili ya watoto wa mbegu hizohizo. Hii ilikuwa mara ya kwanza chungu kile kinafutwa kwa ajili ya mgeni. Hilo nililiona pale pale, na bado nikameza, kwa sababu haifai kutema chakula mbele ya wenyeji.

Asubuhi nilipata gari la muhogo linaloteremka. Tulikuwa hatujafika Mwandiga simu ikalia. Bibi shamba.

"Mama, uko wapi?"

"Njiani. Shamba la dada ni harusi tupu, mwanangu."

"Ukifika, pitia bondeni kwanza. Usianzie sokoni."

"Kuna nini?"

"Pitia tu mama."

Mimi nimekaa sokoni muda mrefu wa kutosha kujua kwamba anayesema "pitia tu" ameshaona maiti. Nilidhani ng'ombe wameingia. Nilidhani wizi. Nikawa nahesabu majirani wa shamba mmoja mmoja, nani ana ng'ombe, nani ana mkono mrefu.

Nilipofika ukingo wa bonde sikuelewa ninachokiona. Shamba la jirani, mahindi mabichi, kijani. Mchicha wa mtu mwingine, kijani. Kwangu kulikuwa na mistari myeusi. Haikuwa njano ya kukauka, wala kahawia ya madoa niliyoyazoea kwa dada. Ilikuwa nyeusi, kama mtu amepita na chupa ya wino akiwa na orodha, akamwagia huyu, akamruka yule. Mistari ya lile harage jekundu ilikuwa imeinamisha vichwa, ncha zimeungua kuja chini, na maua bado yako juu yake. Hilo la maua ndilo lililonimaliza. Mmea umekufa na ua halijapata habari.

Bibi shamba alikuwa amekaa chini, udongoni, na suruali yake safi. Hakunyanyuka kuniamkia. Nilijua basi kwamba na yeye hakutegemea.

"Nilipita hapa wiki iliyopita," alisema. "Yalikuwa mazuri kuliko ya kwa dada."

"Nani kayachoma?"

"Hakuna aliyeyachoma. Njoo uone."

Akang'oa mmoja, akaupasua shina kwa kisu kidogo. Ndani, katikati ya ile nyama nyeupe, kulikuwa na mstari mweusi mwembamba kutoka ncha hadi mzizi, kama utambi wa taa. Akapasua wa pili, utambi. Nikachukua kisu nikapasua wangu mwenyewe, mbali na alikochagua yeye. Utambi.

Kisha akanionyesha mistari ya mama. Nayo ilikuwa inaugua. Majani yamekunjamana, yana mabaka ya njano na kijani, kama ule ugonjwa ambao kwenye muhogo tunauita batobato na kila mtu wa Kigoma anaujua kama anavyomjua jirani mbaya. Lakini ilikuwa imesimama. Chini ya majani yale ya aibu kulikuwa na maganda, na ndani ya maganda kulikuwa na maharage.

"Ugonjwa ni uleule wa yale meusi?" nikauliza.

"Uleule, mama. Ni kirusi. Kinabebwa na vidukari, hawa wadudu wadogo wanaokaa chini ya jani. Kwa dada kuna baridi, wadudu ni wachache, hakikusafiri. Huku kuna joto, wamejaa." Aligeuza jani, akanionyesha, weusi wadogo kama chembe za pilipili manga. "Wamekitoa hapa, wamekipeleka pale."

"Hapa wapi?"

Alikuwa ameweka kidole kwenye mstari wa mama.

"Kwenye mbegu za mama yangu."

"Inawezekana kabisa. Kinaweza kukaa ndani ya mbegu. Haya ya mama yako huenda yamekuwa nacho miaka na miaka. Yanaugua, yanazaa kidogo, yanaendelea. Hili jekundu lina kinga kali, haliruhusu kirusi kikae ndani yake hata kidogo. Kwa ndugu mmoja wa kirusi hicho, kinga hiyo inafanya kazi vizuri. Kwa huyu wa hapa, kinga inaua sehemu alipoingia, anasogea, inaua na hapo, anasogea, mpaka imeua mmea wote."

Nilimtazama nikidhani amechoka.

"Yaani limekufa kwa kukataa kuugua."

"Ndiyo mama."

"Na yale yaliyokubali kuugua yako hai."

"Ndiyo."

Nimesikia mambo mengi kwenye meza yangu. Nimeuziwa dagaa wenye mchanga na mchele wenye mawe yaliyochanganywa kwa ustadi. Hilo sikuwahi kusikia. Niligeuka nikatazama ziwa, ambalo kutoka pale linaonekana kama bati limelazwa, nikarudi nikatazama tena mistari myeusi, nikitumaini ya mara ya pili itakuwa tofauti. Kuhesabu mara mbili mara nyingi kunanisaidia. Hapo hakukunisaidia.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua linaweza kutokea. Ndiyo maana tulipanda sehemu mbili. Sikujua litachukua mstari wote." Akafuta kisu kwenye goti. "Lakini hatujapata hasara mama. Dada apande jekundu kule juu, linamfaa. Huku chini tuanzie na haya ya mama yenu, tutachagua. Mbegu zake nyingine si ziko kwa dada?"

Hapo ndipo mshtuko wenyewe ulipofika. Ule wa kwanza ulikuwa wa macho. Huu uliingia tumboni, na tumboni ndiko zilikokuwa.

"Zimeliwa," nikasema.

"Zote?"

"Jana jioni. Mimi peke yangu sahani mbili."

Nikamweleza sheria ya chungu. Nikamweleza kikapu kipya chenye mfuniko, kinachokuja Ujiji mwisho wa kiangazi, kufunguliwa mbele ya wakwe, kupandwa humuhumu bondeni, huenda mashamba matatu kutoka pale tulipokaa. Binti angepanda lile jekundu linalong'aa, lingeota vizuri kuliko la mama mkwe wake, lingetoa maua, kisha asubuhi moja watu wangeamka wakute mkwe wao mgeni amepanda kitu kinachogeuka cheusi. Ujiji ni mji wenye maneno mengi. Jambo kama hilo halingeitwa kirusi.

Bibi shamba akasimama, akachana ukingo wa kitambaa chake cha kichwani vipande vyembamba.

"Basi tuzitafute hapa," alisema.

Tulipita mistari ya mama mmea kwa mmea. Ulio na majani yaliyojikunja tuliuacha. Ulio na jani laini, ambao ugonjwa umeuzunguka pande zote na wenyewe umekaa kimya, tulifunga kipande cha kitambaa shinani. Haikuwa mingi. Nilihesabu, akahesabu, tukapishana, tukaanza upya tukapishana tena, mpaka tukagundua kuwa mmoja wetu alikuwa anaruka mmea mmoja kwa kumwachia mwenzake.

Kiangazi chote nililinda vile vipande vya kitambaa kama mtu anayelinda nguo kambani. Maganda yalipokauka tukavuna kila mmea peke yake. Nilipomenya ganda la kwanza niliona nini? Lile la kijivu lenye mistari. Uchafu wangu. La pili, la kijivu. La tatu, jeusi dogo. La nne, la kijivu. Sikusema kitu kwa sababu pembeni yangu bibi shamba alikuwa anakumbuka vizuri sana ni fungu gani nililolitenga siku ile alipokuja mezani kwangu, na alikuwa na adabu ya kutosha kutonikumbusha.

"Usiyaamini sana nayo," akaniambia. "Ukiyapeleka kwa dada, madoa yatayala kama yalivyoyala."

"Kwa hiyo hakuna la kufaa kotekote?"

"Bado hakuna. Nitachukua machache nikayaoze na lile jekundu. Labda mtoto wao."

"Mahari utalipa wewe?"

"Nitalipa mimi mama."

Yale meupe yenye jicho jekundu hatukuyapata. Bondeni hayakuota, au yaliota yakafa mapema. Kwa dada ndiko yalikokuwa yanakaa. Mimi niliyaona mara ya mwisho kwenye ukingo wa sahani, na sahani hiyo niliimaliza. Nimeuliza kwa wauzaji wanaotoka Kasulu, kwa mama mmoja Mrundi anayeuza sokoni Rusimbi, kila soko ninalopita. Wananionyesha meupe. Wananionyesha yenye jicho. Wananionyesha jicho jeusi wakiapa ni jekundu.

Dada alishuka kwa maandalizi ya harusi na kikapu chake kichwani. Sikuwa nimemwambia kwa simu. Kuna habari ukizipeleka kwa simu mtu anakubishia, na dada yangu anabisha kuliko mimi. Nilimpeleka bondeni, yeye na binti, kabla hata hajanywa maji. Mistari myeusi ilikuwa bado imesimama, mikavu sasa, ukiigusa inavunjika.

"Hii ni nini?"

"Soma kibao."

Dada alisoma. Kibao kilikuwa na namba ileile ya kwake. Akatoka pale akaenda mstari mwingine, akasoma, akarudi, akasoma tena. Nikamweleza kama nilivyoelezwa, nikampasulia shina moja kavu. Utambi ulikuwa umo.

Aliteremsha kikapu chini.

"Na mimi nilizipika," alisema. "Nikaweka na chumvi."

"Tulikula wote, dada."

"Nani alizileta hizi? Si wewe?"

"Mimi."

"Basi tusemeje kwa watu?"

Nikatoa mfukoni kopo la siagi, lile dogo, nikamfungulia. Alitazama ndani kama mtu aliyeonyeshwa chenji pungufu.

"Mwanangu aende kwa watu na kopo?"

"Aende na za bibi yake."

"Kopo halijai hata."

"Lingejaa kama tungekula sahani moja moja."

"Usinichekeshe, sijafikia huko." Akachovya kidole, akayageuza. "Haya ya kijivu. Wewe si ulisema ni ya bata?"

Binti yetu, ambaye tangu tufike alikuwa kimya, alikuwa ameinama anapasua mashina mwenyewe, moja baada ya jingine. Alisimama akapangusa mikono.

"Mama mdogo, hizi nyekundu nikizipanda huku zote zitakuwa hivi?"

"Zote, mwanangu. Kirusi kikifika."

"Na kitafika?"

"Wadudu umewaona."

"Basi zipikwe kwenye harusi," alisema. "Mimi nitapanda kopo. Wakiuliza mbona kidogo, nitasema kwetu tunaanza kidogo."

Dada alimtazama mtoto wake, kisha akakiinua kikapu. Kikapu kipya chenye mfuniko kikaenda jikoni Ujiji, na wageni wakasifu: maharage mazuri, rangi moja, yameiva kwa pamoja. Mama mkwe aliomba kabisa aachiwe kidogo za kupanda. Dada, ambaye hajawahi kumnyima mtu chakula, alijibu kwa upole kwamba hizo ni za kula tu, za kupanda anazo mwali. Na kopo likafunguliwa mbele ya watu. Bibi mmoja wa upande wa mume akaingiza mkono, akatoa lile la kijivu, akasema hajaliona tangu alipokuwa msichana, akamuuliza mwali amelitoa wapi.

Kesho yake dada alikuwa anarudi kwake juu. Tulikuwa tumebaki na konzi moja ya zile za kopo, kwa sababu binti alikuwa amekataa kuondoka nazo zote; alimwachia mama yake. Dada alizifunga kwenye pindo la kitenge. Alijua kule juu zitaugua madoa. Alijua pia hatazipanda karibu na zile nyekundu. Bibi shamba alikuwa amemwonyesha upande wa pili wa kilima, nyuma ya migomba, na kumwambia kila msimu afunge kitambaa kwenye ile michache itakayokataa kufa.

"Pitia Mwanga kwanza," dada akaniambia. "Nataka chungu."

"Unacho chungu."

"Kile kina nyekundu. Chungu hakilali na mbegu mbili."

Muuza vyungu alitutajia bei, nikaanza kazi yangu. Nilimwonyesha ufa ambao haukuwepo, nikaondoka nikarudi, nikamwambia mdomo wake umepinda, na nilikuwa nasema wa chungu. Dada alisimama pembeni ameshika pindo la kitenge kwa mikono miwili. Muuzaji alipochoka na mimi akamgeukia yeye.

"Mama, nyumba moja vyungu viwili vya mbegu vya nini? Wengine hata kimoja hawajazi."

"Kimoja," dada akasema, "ni cha tunachovuna. Hiki ni cha mbegu zisizoliwa na mtu."

Kisha akalipa bei ileile ya kwanza, mbele yangu, baada ya kazi yote niliyoifanya. Nikabaki nimeshika mfuniko.